Bi Kitambaa na Mkono Mweupe wa Kiti cha Mama

Kabla sijaanza, naweka dau. Naweka pikapu yangu, ile ya bluu iliyoegeshwa pale nje, inayowaka kwa kusukumwa. Mama yetu amekaa hapa mbele kwenye kiti, na kila mtu amekitazama kiti hicho, nimewaona. Kinang'aa mpaka unaweza kuchania nywele ndani yake, halafu mkono wake wa kulia ni mweupe, mti mtupu, kama mtu aliyeshona suti nyeusi akasahau mkono mmoja kwa fundi. Nimesikia mnavyonong'ona. Mnasema familia ya fundi mzima imeleta kwenye mazishi yake kiti ambacho hakijaisha. Sasa dau langu ni hili: hakuna hata mmoja wenu atakayeniamini nikisema kwamba mkono ule mweupe ndio kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya marehemu. Anayeamini sasa hivi, kabla sijaeleza lolote, ainuke aje achukue ufunguo.

Najua hakuna atakayeinuka. Basi tuendelee.

Mimi ni mdogo wake marehemu. Wengi mnaniita Redio, na jina hilo ni yeye aliyenipa, akisema mimi sina kitufe cha kuzimia. Shule niliiachia darasa la sita, tuliachana kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Kwa hiyo haya mnayoyasoma kwenye karatasi mliyogawiwa nimeyasema kwa mdomo, na binti wa marehemu ndiye aliyekuwa anaandika. Alitaka kuyanyoosha. Akaniambia, "Mjomba, hivi sivyo wasifu unavyosomwa." Nikamwambia aache hivyo hivyo. Mama yake alijua kipi cha kunyoosha na kipi cha kuacha, na sisi tujifunze.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1959, mtoto wa kwanza wa karani wa tiketi wa stesheni ya reli na mke wake, mshonaji wa mashuka na foronya. Walikuwa wanaishi chumba cha nyuma katika nyumba ya kupanga, mtaa ulioko nyuma ya kiwanda cha viberiti. Dirisha la chumba kile lilitazamana na ukuta, na ukuta ulinuka viberiti. Mimi nilikuja miaka mitano baadaye, nikawa wa pili na wa mwisho. Nimewaambia watu siku zote kwamba wazazi walishapata kilicho bora wakaona waishie hapo. Marehemu alikuwa anasema hapana, waliogopa.

Alipokuwa na miaka mitatu, mama alifunga mlango wa kabati bila kujua kwamba mtoto ameshika ukingo wake. Kidole gumba cha mkono wa kulia kikabanwa. Kilipona, lakini kilipona kimepinda, ncha imeingia ndani kama mtu anayechungulia kona. Kila jioni mama alikishika kwa mafuta ya moto akikivuta kirudi sawa, mwaka mzima na zaidi, na kidole hakikurudi. Mama amekilaumu kidole kile maisha yake yote. Marehemu yeye alikuwa anakisifia, anasema ndicho kilichomfanya awe fundi, maana kinaingia kwenye pembe ambazo vidole vya watu wengine vinaishia mlangoni.

Na hapo hapo niwaeleze kuhusu hiki kiti, kwa sababu kimekuwa ndugu yetu wa tatu. Baba alikinunua ofisi moja ya stesheni ilipofungwa, kiti cha mvule, kizito, kina mikono miwili mipana. Baba akirudi kazini alikuwa anavua viatu, anakaa, anafungulia taarifa ya habari, na kidole gumba chake cha kulia kinaanza kuzunguka juu ya mkono wa kiti. Kinazunguka taratibu, yeye mwenyewe hana habari. Miaka ikapita, na pale kidole kilipokuwa kinazunguka mti ukaliwa, ukafanya kibonde kidogo laini, ukiweka kidole chako kinateleza kinaingia chenyewe. Sisi watoto tulikuwa tunagombania kukaa pale baba akiwa kazini, ili tuweke kidole. Cha kwangu kilienea vizuri kuliko cha dada. Alibisha mpaka anakufa.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1966, katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, na akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Kichwa chake kilikuwa kizuri, hilo sipingi. Mimi kichwa changu kilikuwa kizuri zaidi, ila nilikuwa nakitumia nje ya darasa. Yeye ndiye aliyekuwa ananifanyia kazi za nyumbani, mpaka siku mwalimu wangu alipouliza imekuwaje mtoto mchafu namna hii ana mwandiko msafi namna hii. Mwaka 1977 akaenda kujifunza kupiga taipu, na tarehe 9 Januari 1978 akaajiriwa kama mpiga taipu katika karakana iliyokuwa inakarabati samani za maofisi: viti vya mahakama, meza za benki, makabati ya hospitali.

Wiki hiyo hiyo ya kwanza mashine ya taipu ikavunjika roli. Ikapelekwa kutengenezwa. Mpaka leo tunaisubiri. Yule mzee aliyekuwa anaongoza karakana, waliyemwita Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamkuta dada amekaa na mikono mapajani.

"Binti, unalipwa kukaa?"

"Nalipwa kupiga taipu, mzee."

"Taipu iko wapi?"

"Imepelekwa kutengenezwa."

"Basi na wewe njoo utengenezwe," akasema, akamrushia kitambaa.

Kitambaa kile hakikutoka tena begani mwake. Ndio maana nusu ya mji huu hamjui jina lake la kwenye cheti, mnamjua kama Bi Kitambaa.

Kazi yenyewe mimi naielewa kuliko mafundi wengi, ingawa sijawahi kuifanya. Kuna magamba membamba ya rangi ya asali, yanaitwa sheleki. Unayaloweka kwenye spiriti mpaka yayeyuke. Halafu unachukua donge la pamba, unalifunga ndani ya kitambaa cha shuka kuukuu, unalichovya, unapita nalo juu ya mti kwa mizunguko, kama unachora namba nane isiyoisha. Unapita tena na tena, siku hata siku, kila mara unaacha utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Mashuka yote kuukuu ya mama yaliishia kwenye meza za mahakimu. Na kosa kubwa kuliko yote katika kazi hiyo ni kusimama. Ukisimama hata kwa kupiga chafya, kitambaa kinaganda pale pale na kinang'oa kila ulichoweka tangu asubuhi. Fundi Mkuu alikuwa anawaimbia, "Ingia ukitembea, toka ukitembea."

Marehemu alisimama mara moja tu katika maisha yake. Mwaka ule ule wa 1978 niliingia karakana bila hodi nikamwambia, "Dada, shule basi. Nimeacha." Akasimama. Meza ya hakimu ikapata jeraha la ukubwa wa kiganja. Alikuja nyumbani hanisemeshi, kesho yake hanisemeshi, mama akafikiri ni uchungu wa mdogo wake kuacha masomo. Siku aliponisemesha, neno lake la kwanza lilikuwa, "Unajua nilikuwa nimebakiza mkono mmoja wa mwisho wa sheleki ile meza ikauke?"

Alikuwa na tabia moja iliyowachanganya wateja, na naomba mnisikilize hapa. Kila kitu kilicholetwa kwake, kabla hajakigusa kwa msasa, alikuwa anamuuliza mwenye mali, "Alama ipi ibaki?" Watu walikuwa wanafikiri anatania. Siku moja nilimletea kwa pikapu meza ya kulia chakula ya mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Yule mama akasema kwa madaha, "Nataka iwe mpya kabisa."

"Mpya zinauzwa dukani, dada yangu," marehemu akamjibu. "Hii nikuachie alama ipi?"

"Alama ya nini sasa? Toa zote."

"Izunguke kwanza."

Yule mama akaizunguka meza yake huku ananitazama mimi, kama kuniuliza nimemleta kwa wazimu gani. Alipofika kwenye kona moja akainama. Palikuwa na alama za meno, meno madogo, kwenye ukingo wa meza. Akapitisha mkono pale. "Hapa ni mwanangu," akasema. "Alikuwa anaota meno. Sasa hivi ni baba wa watu, hata simu hanipigii."

"Basi hapo sigusi," akasema marehemu, na akaenda zake kutafuta msasa.

Alikuwa anasema mti ukishapigwa msasa hausahau tu doa, unasahau na aliyelitia.

Kuhusu ndoa. Dirisha la karakana lilikuwa limepakana na kibanda cha fundi saa, kijana mmoja mpole, mrefu, anayeongea kama anaogopa kuamsha mtu. Yuko hapa, ni shemeji yangu. Vumbi la msasa lilikuwa linatoka dirishani linaingia kwenye matumbo ya saa zake. Siku moja alijikaza akaja dirishani.

"Dada wa kitambaa, vumbi lako linaua saa zangu."

"Na saa zako zinanihesabia umri kutwa nzima," akamjibu. "Tumshtaki nani?"

Yule kijana hakushtaki. Alichukua blanketi, akalilowesha maji, akalitundika dirishani linase vumbi. Mchana likawa limekauka. Kesho yake kabla hajafungua kibanda akakuta blanketi limeshaloweshwa. Ni dada aliyelilowesha, kwa maelezo kwamba vumbi ni la kwake. Wakaendelea hivyo, mmoja analowesha asubuhi, mwingine mchana, na wanarushiana maneno kupitia blanketi bila kuonana sura. Aliyewaambia kwamba hayo ni mapenzi ni mimi. Wao walidhani wanagombana. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1987 na mtoto wa kiume mwaka 1990.

Karakana ilipofungwa mwaka 1994, wakapanga chumba kimoja chenye milango miwili mbele ya nyumba waliyoishi, nusu saa, nusu samani, na katikati wakatundika blanketi lenye maji. Mliowahi kuingia pale mnalijua. Upande mmoja unasikia saa, upande wa pili unasikia msasa, na hewani ni spiriti na mafuta ya kitani. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba mizigo yao. Viti vilivyovunjika, makabati yaliyokaa kwenye mvua, watoto wa meza waliokataa kufunguka, vyote vilipita mgongoni kwa pikapu yangu. Marehemu alikuwa anasema uharibifu wa barabarani ni robo ya mapato yake, na kwamba mimi namtafutia kazi huku nikiendesha.

Baba alifariki mwaka 1998. Tangu siku ile mama akahamia kwenye kile kiti. Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha, na kila mwaka yalikuwa yanamwacha zaidi, mpaka akabaki anatofautisha mchana na usiku tu. Lakini alikuwa anakaa pale jioni, anafungulia taarifa ya habari ile ile, anaweka kidole gumba kwenye kibonde. Aliwahi kutuambia, "Hapa ndipo ninapomshika."

Mwezi wa nne mwaka 2011, mvua ikaangusha ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama. Mama mwenyewe alikuwa jikoni, Mungu alimlinda. Boriti iliangukia kiti. Nilikiokota kwa mikono yangu nikakipeleka dukani kwa dada ndani ya gunia, na dada alikimwaga sakafuni akaanza kupanga vipande kama mtu anayepanga mifupa. Miguu ilikuwepo. Mgongo ulikuwepo, umepasuka. Mkono wa kushoto ulikuwepo. Mkono wa kulia ulikuwa vibanzi na unga. Alitafuta kipande chenye kibonde. Akalishika gunia akalipindua ndani nje. Hakikuwepo.

Akamwambia mama, "Nitakitengeneza. Utakikalia tena." Mama akahamia kwangu, nikampa kiti cha plastiki, akasema kinamtapika.

Mnajua jinsi mafundi walivyo. Cha mteja kwanza, cha nyumbani baadaye. Kiti cha mama kilikuwa kinatengenezwa katikati ya kazi za watu, mguu mwaka huu, mgongo mwaka kesho. Kila dada akija kumsalimia, mama alikuwa anauliza swali moja.

"Kiti changu kimefika wapi?"

"Kiko njiani, mama."

"Kinatoka nchi gani hicho?"

Sisi wote tulikuwa na hofu moja ambayo hakuna aliyeisema kwa sauti. Mama anaelekea themanini. Tulikuwa tunakimbizana na umri wa mama. Hatukujua kwamba saa tuliyokuwa tunaitazama siyo.

Mwaka 2016 kiti kikaisha, cheusi, kinang'aa, mikono yote miwili. Mkono wa kulia alikuwa ameuchonga upya, na pale pa kibonde alikuwa amechimba kwa tupa na kulainisha kwa msasa mpaka ukafanana kabisa na ule wa zamani. Mimi niliweka kidole, nikaapa ni kile kile. Tukamleta mama, tukamkalisha. Kidole chake kikaenda chenyewe pale, kikaingia, kikatulia kidogo. Halafu akakitoa.

"Kimechimbwa hiki," akasema. "Baba yenu hakuchimba."

Jioni ile ile marehemu aliung'oa mkono wa kiti akauweka pembeni, na mama akarudi kwenye plastiki. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amefanya kosa ambalo angempiga mwanafunzi kwa ajili yake. Maisha yake yote alikuwa anaziacha alama za watu, halafu kwa mama yake mwenyewe akaenda kughushi.

Alianza kukohoa mwaka 2019. Alisema ni vumbi, na kweli ilikuwa vumbi, ila lilikuwa limeshahamia. Mwezi Machi 2021 daktari alituonyesha picha ya kifua akasema mapafu yamekakamaa kama sponji iliyokauka, na kwamba hayatalainika tena.

"Mama, umekuwa ukivuta nini miaka yote hii?" daktari akamuuliza.

"Meza na makabati," akasema.

Daktari hakucheka. Akampiga marufuku vumbi, akampiga marufuku spiriti. Msasa hapana, sheleki hapana. Yaani alimnyang'anya mikono yote miwili akamwachia vidole. Duka likashikwa na binti yake, ambaye alikuwa amefundishwa kazi tangu hajajua kufunga viatu, na marehemu akawa anakaa mlangoni kwa nje, upande upepo unakotoka, anamsikiliza binti yake akipiga msasa na kumkosoa kwa kusikia mlio wa kitambaa tu. "Umesimama hapo," alikuwa anasema bila kugeuka.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 akamwambia binti amchongee mkono mpya wa kile kiti. Ulio sawa, bapa, bila kibonde, bila rangi. Ukafungwa kwenye kiti cheusi, mweupe kama mnavyouona. Marehemu akakiweka kiti pale mlangoni, akakaa. Akachukua kichupa cha mafuta ya kitani na unga laini wa jiwe la kusugulia, akauchanganya na mafuta usiruke vumbi, akadondosha tone moja kwenye mkono wa kiti, akaweka kidole gumba, akaanza kuzungusha.

Nilimkuta hivyo nikadhani amechanganyikiwa na dawa.

"Dada, unafanya nini?"

"Naweka kibonde."

"Kwa kidole?"

"Baba alitumia nini?"

"Baba alitumia miaka thelathini," nikamwambia. "Wewe daktari amekupa mingapi? Kidole hakili mti, dada. Huo ni mvule. Mti ndio utakaokula kidole."

"Tuwekeane dau."

"Weka."

"Nikishindwa, kiti chako. Nikishinda, utasimama mbele za watu useme umekosea."

Nilicheka sana. Mnanijua. Neno hilo sijawahi kulitamka tangu nianze kuongea, hata kwa mke wangu, hata kwa trafiki. Nikampa mkono. Mkono wake wakati ule ulikuwa mwepesi, kama umeshika glavu isiyo na mtu ndani.

Akawa anakaa pale kila siku hewa ikimruhusu. Anazungusha, anapumzika, anazungusha. Siku nyingine alizungusha kidogo tu akalala na kidole pale pale. Mimi nilikuwa nikipita na pikapu napunguza mwendo, napiga kelele, "Fundi, kimeingia?" Naye ananionyesha kidole kilivyo, chekundu, ngozi imelainika kama ya mtoto. Nilikuwa nainama natazama ule mkono kwa pembeni, kwenye mwanga. Bapa. Sioni kitu. Nikawa namwambia bapa, naye ananiambia nikapimwe macho. Binti yake aliwahi kumwomba, "Mama, basi niupake rangi ufanane na kiti." Akamkataza. "Ukipaka utaniziba," akasema.

Mama kila siku akiuliza kiti kimefika wapi, tunamjibu kiko njiani. Akaacha kuuliza kinatoka nchi gani.

Mwezi Agosti mwaka huu marehemu akawa hatoki tena bila mtungi wa oksijeni. Shemeji aliubeba mpaka mlangoni, akamkalisha, akarudi kwenye saa zake. Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024, asubuhi, alizungusha kidole chake kidogo, akafuta mkono wa kiti kwa kitambaa, akamwambia shemeji anataka kulala kidogo. Shemeji akamsindikiza ndani. Alipomletea chai alikuta ameshaondoka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Mliofanya naye kazi mnajua alivyokuwa na vitambaa vyake. Kazi ikiwa inaendelea, kitambaa cha mafuta kinafungiwa kwenye kopo kisikauke. Kazi ikiisha, kinatandazwa kwenye waya nje, kwa sababu kitambaa cha mafuta kikikunjwa kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Nilipofika asubuhi ile, nimechanganyikiwa, sijui nishike nini, nikaenda kwenye kopo. Lilikuwa tupu. Kitambaa kilikuwa kwenye waya, kimetandazwa kona zote nne. Shemeji alisema alimwomba ampitishe pale kwanza kabla ya kitandani.

Mimi bado niliona mkono mweupe, nikaona hakuwahi kumaliza.

Ijumaa tukamleta mama nyumbani kwa marehemu. Wanawake wakamzunguka, wakamkalisha kwenye godoro. Mama ana miaka themanini na mitano na amemzika mumewe, lakini hajawahi kufanya tuliyokuwa tunamwomba afanye siku ile, kumuaga mtoto wake. Hakulia. Akasema, "Kiti kiko wapi?"

"Mama, hakijaisha," nikamwambia. "Mkono mmoja hauna rangi."

"Na mimi naona rangi?"

Tukamwinua. Tukamkalisha. Mkono wake wa kulia ukatafuta, ukafika, kidole gumba kikashuka juu ya ule mti mweupe na kikaanza kutembea. Kikatembea, kikarudi, kikatulia sehemu moja. Mama akatikisa kichwa.

"Huyu si baba yenu," akasema.

Nawaambia ukweli, nilifungua mdomo. Nilitaka kusema nilijua.

"Baba yenu alikuwa mpana," mama akaendelea. "Huyu mdogo. Anaingia hivi, halafu anapinda. Anaishia hapa, kwenye kona." Kidole chake kilikuwa kinazunguka mduara mdogo uliopinda, mduara ambao mimi mwenye macho mawili sijauona mpaka leo. "Hiki ni kile kidole nilichokibana mlangoni. Huyu ni mwanangu."

Ndipo akalia. Tangu Ijumaa ile hajaondoa kidole hapo, na leo, kama mnavyoona, tumembeba yeye na kiti pamoja kumleta hapa, kwa sababu alikataa kushuka. Ndio sababu mkono ule haukupakwa rangi, na hautapakwa. Nimeshamwambia binti, na yeye amekubali kwa kichwa.

Marehemu ameacha mama mzazi; mume wake, fundi saa, ambaye jana nilimkuta analowesha blanketi; binti yake aliyeshika duka; mtoto wake wa kiume aliyesafiri siku mbili kufika hapa; wajukuu wanne; na mimi mdogo wake, pamoja na mke wangu na watoto wangu. Ameacha pia meza, viti na makabati katika nyumba zenu nyingi, na kila kimoja kina alama aliyowauliza ibaki.

Dada, uliingia ukitembea na umetoka ukitembea. Kitambaa kiko kwenye waya. Lala sasa, kazi imekauka.

Nilisema kidole hakili mti. Nilikosea.